Nyama ya ng'ombe kwenye slokuka mpaka ichambuke kwa uma: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale matatu. Mbona nyama yangu imekuwa ngumu na nimeipika saa sita nzima? Mbona mchuzi umekuwa maji matupu? Na je, ni lazima niikaange kwanza au naitumbukiza tu humo naenda zangu kazini? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo leo naandika yote sehemu moja, ukiulizwa na mwenzio we mtumie tu hii.

Slokuka nadhani unaijua, ile sufuria ya umeme ya kupikia taratibu, ndani ina chungu kizito cha kauri na juu kifuniko cha kioo. Hapa tunapika kipande kizima cha nyama pamoja na viazi na karoti, chakula cha usiku cha watu sita hivi, au wanne wanaokula kweli kweli.

Kabla hatujaanza shika jambo moja maana ndilo linaloangusha wengi. Kwa kipande cha aina hii, nyama ikiwa ngumu mara nyingi ni kwamba haijaiva vya kutosha, sio kwamba imepitiliza. Mtu anachoma uma saa ya sita tangu awashe, anakuta nyama inavutana kama mpira, anasema basi nimeiharibu, anazima. Kumbe alibakiza kama saa mbili tu. Sehemu ya ng'ombe inayofanya kazi sana, kama bega, imejaa kolajeni, ule utando mweupe unaopita katikati ya nyuzi. Ukipata joto la kutosha kwa masaa mengi unayeyuka unakuwa jelatini, na jelatini ndio inayofanya nyama iteleze mdomoni na mchuzi ushike kwenye midomo. Kipande kizima cha ng'ombe kikifika nyuzi joto 63 katikati kikapumzika dakika 3 ni salama kula, lakini bega kwenye 63 utatafuna mpaka taya liume. Ulaini wenyewe unakuja kwenye 90 mpaka 95. Nadharia imeishia hapo.

Andaa hivi vitu kwanza

Nyama, kilo moja na nusu, KIPANDE KIZIMA. Mwambie muuza nyama unataka bega, hasa ile sehemu inayopakana na shingo, na usikubali akukatie vipande vipande. Iangalie vizuri kabla hajaifunga: unataka mistari myembamba ya mafuta iliyopita ndani ya nyama, sio donge moja la mafuta pembeni na katikati nyekundu tupu. Kifua nacho kinafaa ila kinataka muda zaidi. Paja linawezekana lakini ni kavu, halina mafuta ya kutosha. Na fileti au steki laini usithubutu, hiyo ni nyama ya kupika dakika chache, ukiiweka humu masaa manane inatoka kama kamba ya katani. Mimi mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, nikajisemea nyama ghali ndio nyama nzuri, nikawaita na wageni. Walikula kimya kimya.

Vingine:

- slokuka ya lita 5 au 6
- vitunguu maji vikubwa 2
- karoti kubwa 4
- viazi mviringo 5 au 6 vya wastani
- kitunguu saumu punje 5
- nyanya nzito ya kopo vijiko 2 vya chakula
- supu ya nyama kikombe kimoja, yaani mililita 250 (ya kidonge pia sawa, ila kumbuka ina chumvi yake)
- chumvi vijiko vidogo 2, pilipili manga kijiko kidogo 1
- rozimari au thaimu, kijiti kimoja kinatosha
- mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
- kornflawa vijiko 2 vya chakula
- siki kijiko kidogo, au limau nusu
- fraipani nzito, na kipimajoto cha nyama kama unacho, kama huna uma utafanya kazi hiyo

Na muda, huo nao ni kiungo. Hesabu kurudi nyuma. Unataka kula saa moja usiku? Moto mdogo unataka masaa 8 mpaka 10 kwa kipande hiki, kwahiyo saa tatu na nusu asubuhi nyama iwe imeshaingia, na maandalizi yenyewe yanakula kama nusu saa. Ukichelewa kuamka ukajikuta unaanza saa sita mchana basi tumia moto mkubwa, masaa 5 mpaka 6. Kwa slokuka nyingi moto mdogo na mkubwa vinaishia kwenye joto linalokaribiana, tofauti ni mwendo wa kufika huko. Mimi napenda mdogo ila sitakudanganya kwamba ukitumia mkubwa umekosea.

Hatua kwa hatua

1. Kausha nyama, tia chumvi. Itoe kwenye friji, ipanguse na tishu za jikoni kila upande mpaka tishu itoke kavu. Nasema kavu namaanisha kavu, maana nyama mbichi yenye majimaji haikaangiki, inachemka. Afu chumvi na pilipili manga pande zote, ikandamize na kiganja ishike. Ukiweza kuitia chumvi usiku wa jana yake ukairudisha kwenye friji ni bora zaidi, chumvi inapata muda wa kuingia ndani.

ANGALIZO: nyama iliyoganda haiingii kwenye slokuka, hata kama una haraka. Chombo hiki kinapasha polepole mno, barafu ya katikati itayeyuka taratibu na nyama itakaa masaa kwenye uvuguvugu wa kati ya nyuzi 5 na 60 ambao bakteria wanaupenda. Iyeyushe kwenye friji, kipande cha kilo moja na nusu kipe siku nzima na usiku wake.

2. Kata mboga, kata kubwa. Karoti vipande vya urefu wa kidole gumba, viazi nusu kwa nusu, vidogo viache vizima. Kitunguu kimoja kata manne, kile kingine kata vipande vyembamba kwa ajili ya hatua ya 4. Ukikata karoti ndogo ndogo kama za kachumbari mpaka jioni zitakuwa uji.

3. Kaanga nje ipate rangi. Hapa ndio penye lile swali la tatu. Jibu la kweli: sio lazima, nyama italainika hata usipokaanga. Lakini ladha itakuwa ya nyama iliyochemshwa na rangi itakuwa ya kijivu, maana ndani ya slokuka kuna mvuke tu hakuna kitu kitakachobadilika rangi humo. Dakika kumi na tano za fraipani ndio zinazotenganisha nyama ya kuchemsha na hii ninayoizungumzia.

Weka fraipani kwenye moto wa juu kiasi, mafuta yakianza kutetemeka na kabla hayajatoa moshi mwingi laza nyama. Inatakiwa ipige kelele. Ukisikia sauti ya chiii kali hapo sawa, ukisikia kimya au vibubujiko itoe haraka, fraipani haijapata moto. Ikishalala USIIGUSE. Dakika 4 au 5. Najua mkono utawasha, utataka kuinyanyua uchungulie, acha. Ukijaribu kuigeuza ikawa imeng'ang'ania chini ina maana haijawa tayari, ikishapata ganda inajiachia yenyewe. Unachotaka ni rangi ya kahawia iliyokolea kama kahawa iliyokaangwa, sio dhahabu dhahabu tu. Geuza, fanya upande wa pili, halafu isimamishe na koleo ufanye na zile pembe. Itoe weka kwenye sahani.

4. Usioshe fraipani! Ule ukoko wa kahawia uliobaki chini ndio mali. Punguza moto, tupia kile kitunguu chembamba, dakika 5, kikilegea weka saumu iliyopondwa na nyanya ya kopo ukoroge dakika 2 mpaka nyanya igeuke kutoka nyekundu ya kung'aa kuwa nyekundu iliyofubaa kama tofali. Mimina supu yote, chukua mwiko wa mbao ukwangue chini kila kona mpaka fraipani ibaki safi na mchuzi uwe mweusi mweusi. Uonje. Uwe na chumvi kidogo tu kwa sasa, huko mbele nyama yenyewe itatoa maji yake.

5. Panga kwenye chungu. Viazi na karoti na kile kitunguu cha manne CHINI, nyama juu yake, mchuzi wa fraipani unamwagia pembeni, kijiti cha rozimari unakichomeka popote. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaweka mboga juu, jioni wanakuta nyama imeiva na kiazi kinalia kachu. Joto la slokuka linatoka ukutani na chini, na mboga ya mizizi inachelewa kuiva humu kuliko nyama, kwahiyo yenyewe ndio ikae jirani na moto.

Sasa utaangalia humo ndani utaona mchuzi umefika robo tu au theluthi ya nyama, roho itakuambia ongeza maji. Usiongeze. Kifuniko kinazuia mvuke, hakuna kinachopotea, na kipande hiki kitamwaga kama kikombe kingine kizima cha majimaji kabla ya jioni. Nusu ya wale wanaolalamika mchuzi umekuwa maji walilizamisha bega kama wanapika supu. Angalia tu chungu chote kiwe kimejaa kati ya nusu na theluthi mbili, chini ya hapo vitu vinaungua pembeni, juu ya hapo havifikii joto kwa wakati.

Chungu cha kauri kikitoka kwenye friji kikiwa baridi sana usikiwashe hapo hapo wala usimwagie kitu cha moto, kinapasuka. Wanaopanga vitu vyote usiku ili asubuhi wawashe tu, hii inawahusu.

6. Funika, washa moto mdogo, ondoka. Usifunue. Ukifunua kuchungulia joto lote lililokusanyika linatoka na slokuka inahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kulirudisha, sasa ukichungulia mara nne umejiongezea karibu saa mbili halafu unauliza mbona haiivi. Kifuniko ni cha kioo, kikiwa na mvuke kigonge kidogo na kidole matone yadondoke, utaona ndani.

Na kile kitufe cha tatu cha kuweka joto tu sio cha kupikia. Ni cha chakula kilichokwisha kuiva. Kuna mtu aliniambia alikitumia ili iive taratibu zaidi, nikamwambia kamwage.

7. Jaribio la uma. Saa ya nane tangu uwashe chukua uma, uchome katikati ya nyama, uuzungushe kama unafungua kizibo. Uma ukizunguka bila ubishi na nyuzi zikaachana, imeiva. Ukizunguka ukakuta nyama yote inageuka pamoja na uma, bado, funika uje baada ya dakika 45. Kipimajoto kikisoma 93 au 94 na uma ukasema bado, msikilize uma. Hakuna vipande viwili vinavyofanana, kimoja kimeiva saa ya nane na nusu, kingine cha uzito ule ule kimenifikisha saa ya kumi.

8. Ipumzishe. Itoe na vijiko bapa viwili au miiko miwili maana sasa hivi ukiivuta na uma itavunjika mikononi. Sahanini, funika na foili, dakika 15. Ukitaka slaisi kata kukatisha nyuzi, yaani tazama mistari inaelekea wapi kisu kiipite kama msalaba. Ukitaka ya kuchambua basi uma mbili, unavuta huku na huku.

9. Mchuzi, wakati nyama imepumzika. Toa mboga na kijiko chenye matundu, chuja mchuzi kwenye sufuria ya kawaida, uache dakika 5 mafuta yapande juu, yaengue na kijiko. Weka jikoni uchemke. Koroga kornflawa na maji BARIDI vijiko 3 kwenye kikombe mpaka kusiwe na donge, mimina kidogo kidogo huku unakoroga. Ukichemka dakika moja hivi utaona unaanza kubaki mgongoni mwa kijiko, acha hapo, usimalize kornflawa yote kama hauhitaji. Sasa onja chumvi, na mwisho kabisa ile siki au limau. Hii watu wanairuka wanaona mbwembwe, lakini chakula kilichokaa masaa tisa ladha inakuwa nzito imelala, tone la uchachu linaiamsha. Mwagia nyama, kula.

Kitu kingine kidogo kwasababu kuna watu wanapenda kutupia maharage humu: maharage makavu mekundu yasiingie mabichi kwenye slokuka. Yana sumu inayosumbua tumbo vibaya na joto la slokuka linaweza lisiimalize. Yaloweke masaa 5 au zaidi, mwaga hayo maji, yachemshe kwa nguvu kwenye maji mapya dakika 10 angalau, ndio uyalete. Ya kopo hayana shida.

Ikikugomea

*Ngumu, inavutana.* Bado. Rudisha, moto mkubwa, saa moja, jaribu tena. Wageni wameshafika? Kata vipande vikubwa vikubwa, weka kwenye sufuria ya presha na mchuzi wake dakika 20 baada ya kuanza kulia, hakuna atakayejua.

*Inachambuka lakini kavu, kama nyuzi za pamba.* Hii ndio iliyopitiliza, au ulinunua kipande kisicho na mafuta. Hairudi ilivyokuwa ila ichambue yote, izamishe kwenye mchuzi wa moto dakika 10, inakunywa. Kesho yake nunua bega.

*Mchuzi maji.* Usikimbilie kornflawa peke yake, utapata kitu kizito kisicho na ladha. Uchemshe wazi kwenye sufuria pana upungue mpaka theluthi moja iondoke, ndio uongeze hiyo kornflawa.

*Chumvi imezidi.* Mchuzi uongeze maji au supu isiyo na chumvi na siki kidogo. Habari za kutumbukiza kiazi kinyonye chumvi mi naona kinanyonya mchuzi wote na chumvi yake, kinachobaki ni chumvi ile ile.

*Viazi vigumu nyama imeiva.* Toa nyama ipumzike, viazi hamishia kwenye sufuria na mchuzi, chemsha dakika 10. Mara nyingine viweke chini.

*Kila kitu kiko sawa ila ladha hamna.* Ulikaanga nyama ikiwa bado na majimaji, au hukukaanga, au chumvi ndogo. Anza na chumvi, ongeza kidogo cha kushika na ncha za vidole, onja, mara tatu. Mara nyingi inaishia hapo.

*Umeme ulikatika.* Ukiwa nyumbani hamishia kwenye gesi au mkaa moto mdogo uendelee hapo hapo. Kama hukuwepo na hujui ulikatika kwa muda gani, tupa, hata kama nyama inaonekana imeiva na inanukia. Inauma najua. Wanaoishi penye umeme wa mashaka wapike siku ambayo wapo.

*Imebaki.* Igawe kwenye vyombo vifupi, ndani ya saa mbili iwe kwenye friji, usiweke chungu chote kizima humo maana kauri inatunza joto mpaka usiku wa manane. Inakaa siku 3 mpaka 4. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama nta nyeupe, unayainua kipande kizima unatupa, na mchuzi chini umekuwa kama jeli, usishtuke, hiyo ndio kolajeni ya jana. Ipashe kwenye sufuria ya kawaida mpaka ichemke kabisa, sio kwenye slokuka, itachukua masaa kufika moto na sisi saa hiyo tuna njaa.